Kwa Nini Mafiga ya Baraza Yako Mwisho wa Mfereji

Mkishuka kutoka Kirari mkaufuata mfereji hadi unapoishia, mtayakuta mafiga matatu makubwa, meusi kwa masizi, na hakuna nyumba karibu. Wageni hudhani ni jiko la mtu aliyehama. Sogeeni basi niwaambie ni jiko la nani, maana habari hii naipenda kuliko zote nilizorithishwa, na mwanamke aliyeyaweka mafiga yale namheshimu mno.

Enzi hizo baraza la mfereji lilikaa juu, Kirari, kwenye chanzo, ambako nyasi hazikauki. Vijiji vyote vya mteremko vilikuwa vimechimba mfereji kwa pamoja, lakini sauti barazani ilipimwa kwa majembe. Kijiji kilicholeta majembe mengi siku za kuchimba ndicho kilichosema kwanza, kikasema sana, na kikafunga maneno. Mghangeni, kijiji cha chini kabisa, walikuwa wachache tangu mwanzo. Mjumbe wao aliketi karibu na mlango, na zamu yake ya kusema ilipofika, wenzake walikuwa wanajifunga migolole yao waende zao.

Kiangazi kilipokaza, maji hayakufika Mghangeni. Baraza halikuwa na roho mbaya, tuseme kweli. Lilituma vikapu vya mahindi, na pamoja na vikapu likatuma masharti: wapunguze mashamba, waache maharage walime mtama, na vijana wao wapande kupalilia migomba ya Kirari mpaka mambo yatengemae. Wakafanya yote hayo, na mambo hayakutengemaa. Huko juu ikasemwa kwamba watu wa bondeni ni wavivu, hawajui kutumia maji. Maji yapi, hakuna aliyesema.

Namvua alikuwa mjane wa Mghangeni, akiishi na mama mkwe wake. Aliwatazama majirani wakiezua mapaa na kuondoka, nyumba hii leo, ile kesho. Usiku hakulala vizuri, mchana hakula vizuri. "Nenda nao, mwanangu," mama mkwe alimwambia. "Mimi nitabaki na huyu," akaelekeza kidevu kwenye kaburi la mwanawe pembeni mwa shamba. Namvua hakuwa na moyo wa kuwaacha wawili wale. Chakula kilikuwa kimekwisha, na kilichobaki ndani kilikuwa kibuyu cha maharage ya mbegu, yamechanganywa na majivu yasitobolewe na wadudu.

Sasa, baraza lilikuwa na desturi yake. Vijiji vilipokezana kuwapikia wazee, wazee walikwenda kula kwa mpishi, na chakula kilipikwa kwa maji ya mfereji tu, ili kila mmoja ale jasho lake. Mghangeni walikuwa wamesamehewa zamu kwa ajili ya umaskini wao, na Kirari waliuona msamaha huo kuwa wema mkubwa. Namvua akapanda mlima, akasimama mlangoni pa baraza.

"Wazee wangu," alisema, "kwa kutusamehe tunashukuru. Safari hii tunapika sisi."

Mzee Mrutu, mkuu wa baraza, alitabasamu. "Mtatupikia nini, mama?"

"Maharage, baba. Kwa maji ya mfereji, kama mlivyopanga wenyewe."

Kukataa chakula cha mtu ni kumtukana, kwa hiyo wakakubali.

Siku ilipofika walishuka na mikongojo yao, wakakuta chungu juu ya mafiga pale mfereji unapoishia, kuni zimepangwa, na Namvua ameketi mikono magotini. Jua likapanda. Matumbo yaliyozoea kushiba yakaanza kunguruma, na watu wazima wakawa wanatazamana.

"Mama, mbona moto haujawashwa?" Mzee Mrutu aliuliza hatimaye.

"Nangoja maji, baba. Yakifika nawasha."

Mzee mmoja akashauri mtu atumwe kuteka maji kwenye chemchemi ya mbali. Mzee Mrutu akatikisa kichwa; sheria ilikuwa yao. Wakainuka kuufuata mfereji kwenda juu, na kila kijiji walichopita walikuta mlango wa kuingiza maji mashambani umeachwa wazi. Kirari kwenyewe, maji yalikuwa yametuama ndani ya migomba ya Mzee Mrutu, vyura wanaimba, na hapakuwa na mmea uliokuwa na kiu. Hakumwita mtu. Aliuziba mlango wake kwa matope na magamba ya migomba, kwa mikono yake, mpaka mgolole ukachafuka wote. Kisha wakashuka tena pamoja, wakiziba mlango wa kila kijiji njiani.

Maji yalifika Mghangeni jua likiinama, yakisukuma majani makavu mbele yake. Mama mkwe alitoka akasimama ndani ya mfereji, miguu yake iliyopasuka ikilowa, akawa analia bila kujificha. Namvua alipiga magoti awashe moto. Mzee Mrutu akainama juu ya chungu, akatia mkono kwenye maharage, na vidole vikatoka na majivu. Hakuna mkulima asiyejua maana yake.

"Haya ni mbegu," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ukitupikia haya, utapanda nini?"

"Na bila maji, ningeyapanda wapi?"

Mzee yule akayarudisha maharage kibuyuni, kiganja baada ya kiganja, na kwa hilo namsifu naye. Kabla ya kuondoka akauliza watumiwe msaada gani.

"Msitutumie kitu," Namvua alijibu. "Baraza likae hapa. Na wa kusema kwanza awe yule ambaye maji humfikia mwisho."

Wazee walipanda mlima na njaa yao, na mbegu zikaingia ardhini wiki ile ile. Baraza lililofuata, baada ya mavuno, lilikaa pale pale kwenye mafiga, mjumbe wa Mghangeni akafungua maneno, na walichokula kilitoka katika shamba la Namvua.

Na tangu siku hiyo baraza la mfereji halijakaa kwingine, na chungu chake hakijatiwa maji ya mahali pengine. Ndiyo maana siku ya baraza, kabla hata ya kunawa uso, wakubwa wa Kirari huzunguka mashambani mwao, mmoja mmoja, kuhakikisha milango yao ya maji imefungwa. Hakuna anayewatuma. Wanataka kula.