Mlio Niliousikia Katika Gari la Baba

Wapendwa, siku ile tulikuwa wanne: kaka yangu Gaudensi, mama yetu, mimi, na mwanangu Tulizo, aliyekuwa na miezi saba. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye barabara iliyonyooka katikati ya mashamba ya chai. Mpaka leo nikisikia harufu ya chai inayokaushwa namwona Mama amekaa kwenye nyasi, Tulizo mapajani, anatupungia mkono kila tukipita.

Gari lilikuwa la marehemu baba. Ndilo lililotupeleka kanisani tukiwa wadogo, Baba akiimba huku anabadili gia, nasi nyuma tukigombania dirisha. Gaudensi alilifungia tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa nyingi ili ipate nguvu. Kuirekebisha alijifanyia mwenyewe kwa kompyuta: anaongeza nguvu kidogo, tunalikimbiza gari, anasimama, anaongeza tena.

Hatari ilikuwa moja. Petroli ikiwaka kabla ya wakati wake, inaipiga pistoni kama nyundo, na dereva akizidi kukanyaga, injini inakufa. Kwa kelele za gari, mlio wa kugonga huko hausikiki. Kwa hiyo Gaudensi alifunga kipande cha bomba la shaba kwenye injini, akaunga mpira mrefu mpaka kwenye viziba masikio vya wapasua mbao, akanivisha mimi.

“Mama Tulizo, wewe mtoto akigeuka tu chumba cha pili unasikia,” alisema. “Leo nisikilizie na huyu mtoto wangu, injini. Ukisikia kama kokoto ndani ya kopo, piga kelele.”

“Na tumbo langu likilia njaa?”

“Hilo hata Mama kule nyasini analisikia!”

Safari mbili za kwanza, kimya. Ya tatu, tulipofika mwendo mkali, nikazisikia. Kokoto. Chache tu.

Nikamgeukia kaka yangu. Alikuwa anacheka. Tangu tumzike Baba sikuwa nimemwona akicheka vile, kichwa nyuma, meno yote nje.

“Vipi?” akapaza sauti.

Wapendwa, ningesemaje? Nikanyoosha kidole gumba.

Akaongeza nguvu. Safari ya nne kopo zima likatikiswa masikioni mwangu. Akauliza tena kwa macho. Nikanyoosha kidole gumba tena, nikatabasamu kabisa. Kisha ukatoka mshindo mmoja, moshi ukajaa, gari likajikokota mpaka likasimama. Mama alikuja mbio, mtoto kifuani.

Gaudensi alipoifungua injini, pistoni moja ilikuwa na tundu la kupitisha kidole.

“Ulisikia?”

“Nilisikia, kaka.”

“Mbona hukusema?”

“Ulikuwa unacheka. Nilikuhurumia.”

Alikaa chini kando ya tairi. Hakunifokea. Alisema tu, “Mdogo wangu, kucheka ningecheka tena kesho. Lakini leo sikuwa na masikio mengine ila yako.”

Nimekaa na neno hilo miaka minne sasa. Nilijiita mwenye huruma, na watu huniita hivyo. Lakini nimejichunguza mbele za Mungu: sikuwa namlinda Gaudensi. Nilikuwa nalinda asubuhi yangu nzuri, nisiwe mimi wa kuiharibu.

Na sisi je? Ni nani kati yetu hajamsikia dada yake akianza kugonga? Sauti imebadilika, hasali, anamnyamazia mumewe wiki nzima, chupa imehamia chini ya kitanda. Tunamwona Jumapili tunamwambia, “Umependeza, mama!” kisha tunaenda kunywa chai. Tunauita huo upole. Mungu alituweka karibu naye kiasi cha kusikia asichoweza kukisikia mwenyewe. Unadhani alituweka pale tunyooshe vidole gumba? Mwambieni. Mwambieni kwa upendo, mkimshika mkono, lakini mwambieni kokoto zikiwa bado chache.

Gaudensi alifunga injini nyingine mwezi wa nane mwaka uleule. Ile ya Baba haikuwaka tena.