Ng'ombe wa Harusi ya Mbaruku

"Kukopa harusi, kulipa matanga." Mmeisikia leo ikisemwa dukani, na mnataka kujua ilitoka wapi. Basi kaeni vizuri. Chanzo chake ni hiki.

Zamani huko Pangani palikuwa na kijana aliyeitwa Mbaruku, mtoto wa pekee wa Mzee Mwinjuma. Mvivu hakuwa, ila pesa haikulala mfukoni mwake. Akipita mtaani na kanzu ya darizi ungedhani mwana wa liwali, kumbe hata viatu vilikuwa bado vya mwenye duka. Akidaiwa hucheka, akaenda kukopa kwingine.

Alipooa, mambo yakavuka mpaka. Alitaka harusi itakayosemwa hadi ng'ambo ya mto. Mchele na samli alichukua kwa Shebe, mwenye duka. Ng'ombe alichukua kwa Bi Mwanahawa, mfugaji, mama asiyedanganyika. Huyu aliwaleta ng'ombe wake mwenyewe hadi barazani, wageni wamejaa, akauliza:

"Mwanangu, ukishindwa nimdai nani?"

"Baba si yupo?" Mbaruku akajibu, akamgeukia mzee.

Ilikuwa aibu mzazi kumkana mwanawe mbele ya wageni wa harusi, na Mbaruku alilijua hilo. Mzee Mwinjuma aliinamisha kichwa. "Mimi nipo," akasema. Ngoma ikapigwa, watu wakala wakashiba.

Kabla nazi za msimu ule hazijaanguliwa, mzee alifariki.

Jeneza lilipotolewa uani, Sefu, ami yake Mbaruku, alisimama kama ilivyo desturi.

"Waungwana, ndugu yetu ametangulia. Anayemdai aseme, tusimzike na mzigo."

Mbaruku alitazama chini, akimwomba Mungu watu wanyamaze. Bi Mwanahawa akasogea kutoka kwa wanawake wenzake.

"Mwinjuma hakula changu. Lakini alisema yeye yupo, na leo hayupo. Niambieni, nimshike nani?"

Shebe, aliyekuwepo barazani siku ile, naye akasema lake ni hilo hilo.

"Mbaruku," ami Sefu akasema, "baba yako hatoki hapa na deni lako. Sema neno."

Mbaruku alikuwa na kitu kimoja tu cha kulipia: shamba la minazi la baba yake, ambalo ndilo lililomlisha mama yake. Aliona haya, akaona na uchungu. Alilitazama jeneza.

"Madeni ni yangu," akasema. "Nitalipa. Mzikeni baba yangu."

Jeneza likainuliwa.

Siku ya kuondoa matanga, hitima ilipokwisha, wazee waliligawa shamba hapo hapo mkekani: minazi hii ya Bi Mwanahawa, hii ya Shebe. Mama yake Mbaruku, aliyekuwa ndani, alisikia miti ya mumewe ikitajwa, akaangua kilio upya. Waliompigia Mbaruku vigelegele sasa walikuwa wakimpa pole, na hakuna aliyejua kama ni pole ya baba au ya shamba. Mbaruku mwenyewe hakujua. Alilia tu.

Ami Sefu akamshika bega. "Siku ya kuchukua ulicheza ngoma, mwanangu. Leo ndiyo siku ya kulipa, na unaona mwenyewe tumekaa katika nini."

Maneno hayo yalitoka pale msibani, yakafupishwa kinywa kwa kinywa. Kijana akionekana anakopa huku anacheka, watu wa Pangani hawakumgombeza. Walimwambia tu: kukopa harusi, kulipa matanga.