Mama Evodia na Donge la Chachu

Waliotutangulia katika imani wamesimulia kwamba hapo kale, pembezoni mwa jangwa la Misri, palikuwa na nyumba ya watawa wa kike, na mkubwa wao aliitwa Mama Evodia. Alikuwa mja wa Mungu kwelikweli. Alifunga, alisali, na watu walitoka mbali ili awabariki. Wengine waliona fahari hata kusimama kwenye kivuli chake.

Katika nyumba ile, mikate ya Meza ya Bwana iliokwa kwa chachu moja tu. Mwanzilishi wa nyumba ndiye aliyeianza kwa maombi. Tangu siku zake, kila unga ulipokandwa, donge dogo lilikatwa na kuhifadhiwa chunguni liwe chachu ya mara ijayo. Kulikata donge hilo ilikuwa kazi ya mkubwa wa nyumba peke yake.

Asubuhi moja Mama Evodia alikuwa jikoni pamoja na Dina, binti yatima aliyekuwa akikamua mbuzi wa nyumba huku akijiandaa kuwa mtawa. Mlangoni wageni walisikika wakisema, "Hakika mama huyu hana doa!" Masikio ya Mama yakaenda huko. Akamwambia Dina, "Viringa mikate yote, mwanangu," akatoka kuwapokea. Donge hakulikata.

Siku ya kuoka tena ilipofika, chungu kilikutwa kitupu.

"Nilisema mimi!" akafoka Dada Tekla, msimamizi wa jiko. "Mikono ya kukamua mbuzi mkaiingiza kwenye unga wa Bwana! Hebu sema, we binti, chachu umeila?"

Dina aliinamisha kichwa, hakujibu. Watawa wakakata shauri kwamba aondoke siku hiyohiyo, naye hakuwa na kwao pengine.

Mama Evodia alikumbuka vizuri nani aliyekosa. Lakini moyo ulimnong'oneza, "Nyamaza. Ukisema, waumini watajikwaa. Heshima ya nyumba nzima iko juu yako." Likaonekana neno la busara. Akanyamaza, akaingia chumbani kwake kusali, na sala ikagoma.

Alipochungulia dirishani alimwona Dina. Binti alikuwa amekwisha kufunga kifurushi chake cha safari, kiko begani, na bado alikuwa akiteka maji kisimani kujaza mtungi wa Mama, kama alivyofanya kila siku.

Mama Evodia hakuweza kustahimili. Akatoka hadi uani, mbele ya watawa na wageni waliokuwa wakingoja baraka, akapiga magoti vumbini.

"Ndugu zangu, niwieni radhi. Chachu nimeipoteza mimi. Nilikuwa nikisikiliza sifa zangu, nikaisahau kazi ya Bwana. Kisha nikamwachia mtoto huyu aibebe aibu yangu."

Dada Tekla akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Dina," akauliza Mama, "wewe ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Mbona hukusema?"

"Ulitufundisha tusiifunue aibu ya mwenzetu." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Na tena, Mama, nani angeniamini?"

Mama Evodia akaishika mikono ya binti yule akalia.

Ndipo Sabina, mke wa mfinyanzi wa kijijini, ambaye siku zote alisimama nyuma kabisa ya watu, akajipenyeza mbele.

"Mama, ikiwa wewe umepiga magoti, mimi nitasimamaje? Marehemu mama yangu alikuwa akiwafulia nguo hapa. Siku moja aliiba donge la chachu yenu, akalificha ndani ya ushungi. Alikufa na hofu hiyo. Nami nimeogopa kusema miaka yote, na mikate ya wanangu naioka kwa chachu hiyohiyo. Iko hai, Mama. Iko kwangu."

Akakimbia kwake, akarudi na donge ndani ya kitambaa kibichi. Watawa walipolinusa waliijua harufu yake, wakapiga magoti mmoja baada ya mwingine, wageni nao wakafuata, hata hakubaki aliyesimama.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Dada Tekla. Alikwenda kwa Dina, akakifungua kile kifurushi kwa mikono yake mwenyewe. "Haya, mkamua mbuzi," akasema huku machozi yakimtoka, "unisamehe. Twende, unga unakungoja."

Ndugu wapendwa, mimi kisa hiki hunishangaza kila ninapokifikiri. Chachu ilikuwa hai muda wote, karibu tu, nyumbani kwa mwanamke aliyeogopa. Kama Mama Evodia angeilinda heshima yake, Dina angekuwa njiani jangwani, na Sabina angekufa na hofu ileile ya mama yake. Huwa tunadhani watoto wetu, na jirani zetu, watatudharau tukisema, "Nimekosa." Huenda wanangoja tuanze sisi, ili nao wapate nguvu. Mungu na atupe magoti mepesi.