Kidimbwi cha Wanyonge

Hapo zamani za kale, wanangu, jua liliwaka mpaka mto ukabaki mchanga mtupu. Sogeeni, na msicheke mapema, maana kuna mtoto alikaribia kufa.

Maji yalibaki bwawani, na wakubwa wakayazingira. Mfalme Simba akaona aibu. Akaweka sheria kwamba kidimbwi cha pembeni kiwe cha wanyonge, wale wasioweza kugombea maji na Nyati. Mila ya kunywa ikabaki ileile: aliyetangulia hunywa mpaka ashibe, wala hakatizwi.

Ngiri alikuwa mnyonge. Naam, Ngiri! Alikuwa na kovu la pembe ya Nyati ubavuni. Lakini kila alfajiri alitangulia yeye, gugu! gugu! gugu! Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, akifika na kitoto chake alikuta matope. Wakalamba hayohayo. Siku moja kitoto kikaacha hata kulia, na Sange akaogopa kwelikweli.

Alfajiri iliyofuata, kidimbwi kimejaa tena na Ngiri hajanywa bado, akakibeba hadi bwawani, mbele ya Simba.

"Mfalme wangu, tugawie kidimbwi. Sisi wadogo kabisa tupate upande wetu."

"Weee!" Ngiri akafoka. "Sheria imesema wanyonge, basi! Haikutaja wadogo wala wadogo kabisa. Kutugawa ni kuvunja sheria. Umoja ni nguvu!"

Nyati akalamba midomo. "Mfalme, wakigombana, si tuwanyang'anye tu?"

Moyo wa Sange ukapiga du! du! du! Neno moja baya, na hata matope yangekwenda. Simba alimkodolea macho, mkia ukichapa chini, pa! pa!

"Bwana Ngiri amesema kweli," Sange akasema. "Nafuta ombi langu. Sisi ni kitu kimoja, sivyo, jirani?"

"Kimoja!"

"Akishiba mmoja, tumeshiba wote?"

"Wote!" akajibu Ngiri, ambaye kila siku mwenye kushiba ni yeye.

"Basi, Mfalme, akishiba mmoja kidimbwi kifunikwe mpaka kesho, jua lisiyamalize maji."

"Na iwe hivyo," Simba akanguruma.

Puruuu! Sange akapita katikati ya miguu ya Ngiri mpaka kidimbwini. Akakinywesha kitoto, kisha akanywa mwenyewe. Mila ni mila, hakuna aliyemkatiza. Akainua kichwa.

"Wanyonge wote tumeshiba!"

Nyati akasukuma jiwe kubwa bapa, kwaaa! Kidimbwi kikafunikwa.

"Toa jiwe!" Ngiri akapiga kelele. "Mimi sijanywa!"

"Umekunywa, jirani. Kwani sisi si kitu kimoja?"

"Kimoja kwa lipi? Tumbo lako si langu! Udogo wako si wangu!"

Ngiri akajisikia mwenyewe, masikio yakamlegea.

"Ndilo nililokuja kulisema," Sange akanong'ona.

Simba akasimama. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kidimbwi ni cha wanyonge vilevile, na mkubwa atakayekigusa atanijua. Lakini kitiwe ukuta wa mawe katikati, upande mmoja wa akina Ngiri, mwingine wa wadogo kabisa. Kugawa huku hakuvunji sheria yangu. Nyati, ondoa jiwe!"

Ngiri akanywa upande wake. Kitoto kikaanza kulia tena, na mama yake akacheka kwa furaha. Ila tangu siku ile Sange hunywa masikio yamesimama, maana Nyati bado yuko ng'ambo, anatazama.

Wanangu, fungu la wanyonge lisipogawanywa kwa haki, mnyonge kuliko wote huachiwa matope.