Kiti cha Msindikizaji

Sogeeni karibu, na aliye na jibu mdomoni alimeze kwanza. Hadithi hii haitaki makofi, inataka hukumu. Nimeipeleka kwa watu wengi, na wengi wao waliondoka wakigombana.

Huko Upare milimani, kwenye mashamba ya tangawizi, waliishi watu watatu wenye vipaji.

Shangazi Perusi alikuwa na masikio. Akiwa jikoni anapepeta maharage alisikia maji yakipungua kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji ambalo wakulima hufunguliwa maji yake kwa zamu. Ukitaka kumsengenya, ulilazimika kwanza kuhama kata.

Mbonea, mtoto wa kaka yake, alikuwa na miguu. Mlima ambao wengine waliupanda wakipumzika kila kona, yeye aliupanda akipiga mluzi. Njia za mbuzi alizijua kuliko mbuzi wenyewe.

Jirani yao Senzia, fundi seremala, alikuwa na mikono. Alizaliwa kiziwi, akapelekwa shule ya viziwi mjini, akarudi na lugha nzuri ya mikono ambayo kijijini hakuna aliyeijua. Watu walimpungia, wakaonyesha vidole, wakacheka, kisha wakaenda zao wakidhani wameongea naye.

Na palikuwa na Nakijwa, mdogo wake Mbonea. Huyu hakuwa na kipaji cha kutajwa, ila alikuwa na hamu. Tangu utotoni alishinda bandani kwa Senzia, kwenye maranda, akijifunza neno moja baada ya jingine mpaka wakawa wanabishana kama watu wa kawaida. Alipomaliza kidato cha sita, wenzake waliomba vyuo chungu nzima ili wasikose hata kimoja. Yeye aliomba kimoja tu, kile kinachofundisha walimu wa watoto viziwi.

"Na wakikukataa?" Mbonea alimwuliza.

"Usiseme hivyo, kaka. Nikikosa hicho sijui nitataka nini tena."

Maombi yake aliyatuma kwa simu, amesimama ukutani pa zahanati. Mtandao ulishika hapo tu, kwa hiyo simu za kijiji kizima zilining'inia kwenye misumari kama ndala dukani. Kila asubuhi Nakijwa alikwenda kuitazama simu yake, na kila asubuhi alirudi bila habari. Alikitamani chuo hata mahali ambapo hakuna cha kutamani. Akichota maji aliwaza mabweni. Akipalilia tangawizi, mikono yake ilifundisha darasa ambalo bado hakuwa nalo.

Basi akafariki mzee mmoja wa pale. Kijiji hicho kina desturi yake. Siku moja, zamani kidogo, jeneza likiwa linashushwa, simu ya mtu ililia kule ukutani kwa wimbo wa kuchezea, ukasikika mpaka kaburini. Tangu hapo wazee walikata shauri: ukiingia msiba, simu zote zinateremshwa na kuzimwa, redio hazifunguliwi, mpaka matanga yaanuliwe. Nakijwa naye aliizima simu yake kwa moyo safi. Ujumbe wa chuo ulipotumwa, ulikuta ukuta mtupu.

Sasa sikilizeni mambo ya masikio. Mchana wa matanga, wanawake wameketi chini wanaimba, mchungaji mmoja wa mbuzi alipita ng'ambo ya bonde na redio yake begani. Wengine walisikia upepo. Shangazi Perusi alisikia maneno: waombaji wa chuo kile wafike mjini kesho asubuhi kwa usaili, na asiyefika amejitoa. Mwanamke wa kwao hainuki matangani kabla ya wakati, maana akiinuka atasemwa mpaka azeeke. Shangazi aliinuka. Akapiga kelele katikati ya wimbo, "Nakijwa! Wanakuita, mwanangu!" Wimbo ukakatika. Mjane akamtazama, na mpaka leo hawasalimiani vizuri. Bila masikio yale, Nakijwa angekaa akingoja ujumbe uliokwisha kupita.

Haya, na miguu. Gari pekee la kushuka mjini lilikuwa limeondoka alfajiri na magunia ya tangawizi. Tena kesho yake, kunapopambazuka, ilikuwa zamu ya Mbonea ya maji ya ndiva. Shamba lilishaanza kunyauka, na tangawizi ile ilikuwa ya kulipia harusi yake. Mchumba wake alikuwa ameshachagua hata kitambaa. Mbonea aliutazama mtaro mkavu, akamtazama dada yake, akakunja suruali. "Panda mgongoni pale penye mawe," alisema, "kwingine utatembea." Walishuka kwa njia ya mbuzi, wakafika mjini jua linazama. Kulipokucha, mlimani msimamizi wa maji aliliita jina la Mbonea, akaliita tena, kisha akamfungulia mwingine. Tangawizi ilikauka. Harusi ikasogezwa mpaka msimu mwingine, na mchumba bado anangoja, ingawa barua zake siku hizi ni fupi. Bila miguu ile, Nakijwa angelisikia tangazo na kubaki akilia mlimani.

Sasa mikono. Chumba cha usaili kilijaa vijana waliovaa vizuri, wenye alama nzuri. Wasaili hawakuwauliza maswali mengi. Walimleta mtoto kiziwi, mgeni, amejikunyata na kufunika uso, wakasema, "Haya, ongea naye." Wengine walimshika bega, mtoto akaruka kwa hofu. Wengine walipunga mikono hewani. Nakijwa alikaa sakafuni mbali naye, akagonga mbao za sakafu taratibu kwa kiganja, kama Senzia alivyokuwa akigonga meza ya kazi ili amwangalie. Mtoto akauhisi mtikisiko, akafunua jicho moja. Nakijwa akamwuliza kwa mikono kama ana njaa. Mtoto akajibu kwamba anamtaka mama yake, na wakaendelea hapo.

"Umesomea wapi lugha hii?" msaili aliuliza.

"Bandani kwa fundi seremala, mama."

Bila mikono ile, Nakijwa angefika na kurudi kama wenzake.

Simu ziliporudishwa ukutani, jibu lilikuja: amechaguliwa. Chini ya jibu palikuwa na mstari mwingine. Siku ya kupokelewa, kila mwanafunzi aje na msindikizaji mmoja tu. Atalala chuoni usiku mmoja, atapewa kiti mbele, na jina lake litatajwa pamoja na la mwanafunzi.

Nakijwa alifurahi mpaka akalia, halafu akausoma tena mstari ule, akalia kwa sababu nyingine.

Shangazi Perusi alikuwa anapiga pasi gauni lake la kanisani. Hakumtazama. "Mimi niliwahi kuitwa chuo cha ualimu," alisema. "Wiki ile ile mama yako akafa akikuzaa. Nikakufunga mgongoni, nikabaki. Sijutii, mwanangu. Nataka tu niingie kwenye geti lile walau mara moja."

Mbonea alikuwa anapaka viatu rangi. "Mimi sina maneno," alisema. "Ila nimebaki bila shamba na bila mke. Nikilisikia jina langu likiitwa pale, nitajua nilipoteza kwa ajili ya kitu."

Senzia alikuwa amemtengenezea sanduku la mbao, limepigwa msasa mpaka linateleza. Aliliweka chini ili mikono yake iwe huru. "Ukiondoka," mikono yake ilisema, "hapa sina wa kuongea naye. Nilijua hivyo nilipokuwa nakufundisha. Nipe siku moja tu niwe mahali ambapo kila mtu anaongea."

Asubuhi ya safari, gari liliwasha injini. Nakijwa alitoka na sanduku lake, akawakuta wote watatu barabarani, wameoga, wamevaa, na hakuna aliyemwomba tena. Alitamani mlima ujikunje, chuo kije hapo walipo, waingie wote pamoja. Utingo akapiga bodi ya gari. "Dada, nafasi mbili. Wewe na nani?"

Nami nimefika mwisho wa ninachokijua. Majibu mliyoyameza, sasa yatoeni. Masikio, miguu, au mikono: wewe ungempandisha nani? Na kabla hujamtaja, nieleze utawaambia nini wawili watakaobaki barabarani. Tena ukimwacha Senzia, kumbuka kwamba radhi utakayoiomba dirishani, gari likiondoka, itabidi uiombe kwa mikono, na mikono yako imeshika sanduku alilokutengenezea.