Pimbi na Moto wa Kuazimana

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, moto uliazimwa kama chumvi. Asubuhi jiko moja tu liliwaka kule Bondeni, na majirani wakaja na vigae vyao: "Hodi! Nigaieni kaa." Pimbi alipokuwa mdogo, bibi yake ndiye aliyemtuma. "Polepole, mjukuu wangu, kaa likianguka jirani hapiki," alimwambia. "Ukikimbia utamwaga uji wa watu."

Enzi hizo mvua ilijua njia.

Kisha wakubwa wakagundua neno uhuru. Tembo akajenga tanuri lake la mkaa, Kiboko lake, na Mfalme Nyati lake kubwa kuliko yote. Msitu ukaisha. Mvua ikaaga, haikurudi.

Ndipo Nyati akapiga mbiu: "Ili mvua irudi, marufuku kuwasha jiko!"

Askari Fisi akavamia kwa Pimbi. Teke, puu! Chungu cha maharage chini. Mafiga matatu aliyoachiwa na bibi yake yakabingirika uani. Watoto wakaangua kilio.

"Afande, na yale matanuri?" Pimbi akauliza.

"Yale ni maendeleo. Lako ni moshi."

Pimbi aliyakusanya mafiga kwa hasira. Angelia, lakini machozi hayaivishi maharage. Akajifuta uso, akaenda barazani kwa Nyati akichekacheka.

"Shikamoo, Mtukufu! Sheria yako tamu. Ila nakuonea huruma."

"Mimi?"

"Bibi yangu alisema wingu ni mgeni mwenye maringo, haketi juu ya paa lenye moshi. Sasa majiko yetu yamezimwa. Mvua itatunyeshea sisi akina yakhe, shamba lako libaki kavu kau!"

Nyati akakodoa macho. Tembo, aliyeketi kando yake, akadakia, "Mimi nina uhuru wangu wa kuchoma..."

"Choma, mjomba! Nani kakuzuia? Mvua yako utaiona kwa jirani."

Jua halijazama, chwaaa! Tanuri la Kiboko limezimwa. Chwaaa! La Tembo. Nyati akalimwagia lake maji kwa mkono wake, akaketi nje kulingoja wingu.

Wingu halikuja. Ilikuja njaa. Jiko la mfalme lilichota moto tanurini, na tanuri ndilo hilo limezimwa. Mfalme akatafuna mihogo mibichi.

Mara, harufu. Maharage! Wakubwa wakafuata pua zao hadi katikati ya Bondeni. Pimbi alikuwa ameyapanga tena mafiga ya bibi yake, moto mdogo wa vijiti, uliotoka kwenye kaa alilolifukia jivuni, unawaka, na wanyama wamepanga foleni, kila mmoja na kigae chake.

"Umevunja sheria!" Nyati akanguruma, kwato juu ya chungu.

Pimbi akasimama mbele ya mafiga. "Jiko moja, Mtukufu, kuni za kuokota, bonde zima linakula. Ulitaka moshi upungue, umepungua. Au ulitaka tupungue sisi?"

Tumbo la Nyati ndilo lililojibu: ngurrr! Wanyama wakapasuka kwa kicheko.

"Na... na lile wingu?" Nyati akauliza.

"Bibi hakusema neno. Nimemsingizia marehemu, Mungu anisamehe."

Nyati akatazama matanuri yaliyozimwa, akatazama chungu. Akashusha kwato. "Basi nigaie kaa."

"Foleni, Mtukufu. Uko nyuma ya Panya. Na kigae chako kiko wapi?"

"Usinisukume, babu," Panya akasema bila kugeuka.

Nyati akaenda kutafuta kigae. Aliporudi alikuwa na mbiu mpya: matanuri basi, na jiko la kuazimana lisiguswe na askari yeyote. Mvua ilichelewa bado, maana msitu hauoti kwa mbiu. Lakini Pimbi alipomwekea mfalme kaa jekundu kigaeni, alimsikia bibi yake akisema kinywani mwake:

"Polepole, Mtukufu. Ukikimbia utamwaga uji wa watu."

Ndiyo maana nawaambia: uhuru unaomkausha jirani ni wizi, na sheria isiyoanzia jikoni kwa aliyeitunga ni teke tu.