Oveni Mbili za Bi Saumu

Isome hadi mwisho, kisha umtumie yeyote mwenye moyo wa kusaidia.

Bi Saumu, mwenye kiwanda cha mikate mjini, alikuwa amechoka. Ng'ambo ya mto waliishi watu wachache ambao mjini bado waliitwa wageni, ingawa hata babu zao walizaliwa pale pale. Aliwapa wanawake wao oveni ya mkaa, akawafundisha kuoka. Biashara ikafa. Akawapa nyingine, kubwa zaidi. Nayo ikafa.

Siku aliyokwenda kuikagua, akakuta kuku analalia mayai ndani yake.

"Jamani!" akafoka. "Nyinyi mna nini? Niwasaidie vipi tena? Niwatafunie na mkate wenyewe?"

Aliyekuwa mbele yake ni Dhahabo, kiongozi wa wanawake hao. Yeye pia alikuwa amechoka, tena kumpita mgeni wake.

"Mama," akasema, "nimeoka mikate michache kwa sufuria. Vaa nikabu watu wasikujue, unisindikize nikauze."

Walikwenda kwa miguu, maana hakuna bodaboda aliyekubali kuwabeba. Sokoni wakafukuzwa kwenye meza iliyokuwa wazi. Duka la kwanza, mwenyewe hata hakuinua macho. La pili akacheka: "Mikate ya ng'ambo? Nani ataila?"

Bi Saumu alikuwa anasaga meno. Lakini duka lililofuata lilikuwa lake mwenyewe, akapata nafuu. Hapa, alijua, watapokelewa.

Msimamizi wake, Nzaro, aliwapungia mkono kama anayefukuza nzi.

"Hata kuonja, kaka?" Dhahabo akauliza.

"Nionje ya nini? Kila wiki nakwambia. Tajiri amekataza, humu hauingii mkate wa mtu mwingine."

Bi Saumu akafunua uso. Nzaro akaganda.

"Usiogope," Bi Saumu akamwambia. "Umefanya nilivyokuagiza. Hilo ndilo tatizo."

Hakununua oveni ya tatu. Alitenga rafu ya mbele kwa mikate ya Dhahabo na wenzake. Gari lake la unga likaanza kupita kwao kubeba mikate hiyo. Na wenye maduka waliotaka mikate yake wakaambiwa wachukue na ya ng'ambo.

"Na wateja wakikataa?" mmoja akanung'unika.

"Mimi naila. Wao ni nani?"

Wakachukua kwa shingo upande. Baada ya muda, wateja wenyewe ndio waliokuwa wakigomba wakikuta imeisha.

Funzo: Kumpa mtu chombo cha kazi huku soko umemfungia si kumsaidia. Kabla hujamlaumu kwa kushindwa, tazama nani ameziba mlango. Huenda ni wewe.